Nafasi ya Unywele Mmoja

Chini ya kiti cha Honda CB350 mpya palikuwa na kifurushi cha spana. Pikipiki hiyo ilipoingia Marekani mwaka 1968, mnunuzi aliondoka dukani na spana, bisibisi, na kitabu kilichomwelekeza yeye mwenyewe jinsi ya kuseti valvu, kukaza cheni na kusafisha plagi. Waliokiunda chombo kile walitarajia kifunguliwe. Walijua kitachakaa wapi, wakaacha njia ya kupafikia. Kufikia mwaka 1973, uzalishaji wake ulipokoma, zilikuwa zimeuzwa zaidi ya 250,000 Marekani peke yake. Ndiyo maana mpaka leo hukosi kuikuta moja imeegemezwa ukutani ndani ya gereji ya nyumba, nyuma ya maboksi na baiskeli za watoto, tangi limeingia kutu na matairi yamekauka.

Herndon, Virginia, si mji ambao mtu angeutafutia mafundi. Ni mji mdogo wa kaunti ya Fairfax, kilomita kama 35 magharibi ya Washington. Ndege za uwanja wa Dulles hupita juu yake mchana na usiku, na tangu Novemba 2022 treni ya Silver Line inasimama hapo. Watu wengi ninaowafahamu hapa hushinda mbele ya kompyuta. Lakini nyumba zao zina gereji, na katika gereji moja kama hizo, yenye upana wa gari moja tu, kuna mzee wa Mombasa ambaye kazi yake nimekuwa nikiitazama kwa muda mrefu. Hataki jina lake liandikwe. Watoto wa mtaa humwita Babu, sisi wengine humwita Fundi, na hilo linamtosha.

Alianza kazi akiwa kijana, kwenye gereji za Mombasa na baadaye barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kule kunakoitwa Grogan, ambako spea na kelele ya nyundo havikosekani tangu asubuhi. Huko alijifunza wepesi. Nidhamu ninayotaka kuielezea, asema, aliipata alipoanza kushughulika na pikipiki za zamani, ambazo kosa lililofanyika miaka arobaini iliyopita linaweza kuwa limejificha chini ya makosa mengine matatu.

Mwenye pikipiki isiyowaka hukimbilia kabureta. Ni jambo la kawaida: petroli ndiyo anayoiona, harufu yake ndiyo anayoisikia, na screw za kabureta ziko mahali pa kufikika. Akizizungusha kidogo injini inabadili sauti, naye anaamini amegusa ugonjwa. Kwa mzee huyu kabureta ndiyo kitu cha mwisho kukigusa. Kwanza hupima mgandamizo wa silinda zote mbili. Kisha oili. Kisha valvu. Kisha umeme wa plagi. Baada ya hapo ndipo hufungua kabureta. Mpangilio huo una sababu yake. Valvu isiyoziba vizuri hupoteza mgandamizo na kuharibu uvutaji wa hewa, na cheche inayokuja kabla ya wakati hubadilisha mlio wa injini hata mchanganyiko wa petroli uwe sawa kabisa. Anayeanza na kabureta atairekebisha ifuate kasoro za vitu vingine viwili. Siku atakaporekebisha hivyo viwili, kabureta aliyoipotosha kwa mkono wake itamgeuka.

Mimi nilidhani subira ya fundi ni kufanya kazi polepole. Huyu hafanyi polepole hata kidogo. Mikono yake inakwenda haraka kuliko macho yangu. Subira yake iko katika kukubali kwamba hatua ya tatu haianzi kabla ya ya pili kuthibitishwa, hata kama mteja amesimama mlangoni na funguo mkononi.

Chukua screw tu. Vifuniko vya injini za Kijapani za wakati ule vimefungwa kwa screw zenye alama ya msalaba, na mtu yeyote huku atachukua bisibisi ya nyota aliyo nayo jikoni. Lakini msalaba wa Kijapani, uliopimwa kwa viwango vya JIS, una pembe tofauti na ule wa Kimarekani. Bisibisi ya Kimarekani haifiki chini vizuri. Ukikaza mkono inapanda na kuukwangua msalaba mpaka unakuwa shimo la duara. Pikipiki nyingi zilizofika Herndon zina screw zilizokwanguliwa hivyo, na watu wakasema Wajapani walitumia chuma laini. Mzee ana bisibisi za JIS, amezitenga kwenye droo yao peke yao, na hamwazimi mtu. Hutia screw mafuta ya kulegeza kutu jioni, huziacha mpaka kesho, kisha hugonga kichwa cha screw mara moja kwa nyundo ndogo kabla ya kuizungusha. Pigo hilo hulegeza nyuzi zilizong'ang'aniana. Nimemwona akifungua kifuniko kizima bila kuharibu screw hata moja, na uso wake ulikuwa na furaha ya wazi ambayo sikuiona hata injini ilipowaka.

Ndani ya kifuniko cha kulia kuna kitu ambacho wenye CB350 wengi hawajui kipo. Pikipiki hii haina filta ya karatasi. Oili yake husafishwa na kikombe kinachozungushwa na injini yenyewe: uzito wa vumbi la chuma na masizi huutupa uchafu pembezoni, nao huganda ukutani mwa kikombe. Mpango huo ni mzuri sana, kwa sharti kwamba kuna mtu atakayekifungua kikombe na kukisafisha. Katika ile iliyonunuliwa, ikaendeshwa, ikauzwa, ikaendeshwa tena na watu wanne bila mmoja wao kujua habari hiyo, utakuta tope la kijivu, zito kama udongo wa mfinyanzi. Mzee hulitoa kwa kijiti cha mbao ili asichubue chuma, na hulitandaza kwenye gazeti alichunguze. Vipande vinavyong'aa humwambia kuna kitu kinasagika ndani. Tope tupu humwambia ni uzembe tu, na uzembe unatibika.

Valvu ndiyo sehemu niipendayo. Nafasi inayotakiwa kati ya valvu na mkono unaoisukuma ni milimita 0.05 upande wa kuingiza hewa na 0.10 upande wa moshi, injini ikiwa baridi kabisa. Unywele wa mtu ungeweza kuijaza. Chuma kikipata moto hutanuka, na nafasi hiyo ndiyo akiba yake. Ikikosekana, valvu haifungi sawasawa. Ile ya moshi, ambayo hupoza kichwa chake kwa kukalia kiti chake cha chuma, hubaki imening'inia katikati ya moto na kuungua ukingoni. Ikizidi, injini hupiga kelele na kujichakaza kwa kugongwa. Honda waliweka ekseli ndogo isiyo na kitovu katikati: ukiizungusha kwa bisibisi, mkono wa valvu hupanda au kushuka kidogo sana, kisha unaifunga kwa nati. Kazi ni kuifunga nati bila ekseli kusogea. Mzee huingiza bati la kupimia, huliruhusu likae, kisha hulivuta. Anasema linatakiwa livutike kwa ukinzani mdogo. Aliuweka mkono wangu juu ya wake nihisi, na nilielewa kwamba namba iliyoandikwa kitabuni inaanzia mahali fulani na kumalizikia kwenye ncha za vidole.

Baada ya valvu, cheche. Injini hii ina silinda mbili na pistoni zake hazipandi pamoja, kwa hiyo kila silinda ina kontakti yake ya kukata umeme, nafasi yake kati ya milimita 0.3 na 0.4. Kuna taa ndogo ya kupimia na alama zilizochongwa kwenye gurudumu la umeme: LF ya silinda ya kushoto, F ya kulia. Huzungusha injini kwa spana, polepole, na taa inatakiwa iwake wakati hasa alama inapokutana na mstari wake. Hakuna mashine inayosoma tarakimu. Taa ya balbu ndogo na jicho vinatosha, na vilitosha miaka yote.

Kabureta ikifika zamu yake huwa kazi ya kusafisha zaidi kuliko kufikiri. Petroli iliyoachwa humo miezi hukauka na kuacha gundi, na petroli ya sasa ya Marekani, iliyochanganywa na ethanoli, huvuta unyevu na kula alumini. Jeti ya mwendo wa kusimama ina tundu jembamba mno. Hulizibua kwa uzi mmoja wa waya laini na dawa ya kusafishia, wala haingizi drili humo, kwa kuwa tundu likipanuka halirudi. Mipira myembamba iliyo juu ya kabureta hizi huinua mbele ya taa, akitafuta mwanga unaopenya. Kitobo cha ncha ya sindano kinatosha kufanya injini ikwame katikati ya safari.

Nimetaja gereji za Mombasa na Nairobi, na nisingetaka mtu adhani fundi huyu anadharau pikipiki za kwetu. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125, waliyoiunda kwa nchi ambako wenye pikipiki huziendesha mwaka mzima bila kufungua kitu. Waliondoa cheni ya kamshafti juu ya injini na kurudi kwenye vijiti vya kusukuma valvu, mtindo wa zamani, usio na cha kuharibika kwa haraka. Nakala zake za Kichina zimetumika sana kama bodaboda Afrika Mashariki. Mzee huzungumza juu ya CG125 kwa heshima kubwa. Mhandisi aliyeangalia watu wanavyoishi, akakubali kwamba hawataifungua injini, akaibadilisha injini badala ya kuwalaumu watu, huyo kwake ni fundi wa daraja la kwanza.

Nyumba yake anaitengeneza kwa akili ileile. Majira ya baridi, bodi za jipsamu za ukutani zikipata nyufa kwenye viungo, huweka utepe wa karatasi na kupaka putti tabaka tatu, kila moja pana kuliko iliyotangulia, na kati ya moja na nyingine huacha ikauke. Kisha hushikilia taa kando ya ukuta, mwanga uende sambamba nao, na kila kinundu kinajitokeza. Mtu anayeharakisha hupaka tabaka moja nene, inasinyaa ikikauka, na ufa hurudi Machi.

Ukuta wa matofali ya zamani una somo ambalo yeye alilileta kutoka Mji wa Kale wa Mombasa. Nyumba za kule, kama za Lamu na Zanzibar, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Anayezikarabati kwa saruji huzifungia unyevu ndani; jiwe linaanza kubanduka huku saruji ikibaki ngumu. Matofali laini ya karne ya 19 ya Virginia huvunjika kwa sababu hiyohiyo yakizungukwa na saruji. Chokaa imekusudiwa iwe dhaifu kuliko jiwe, ili ichakae yenyewe na kubadilishwa. Hilo nililiona baadaye kwenye injini: gasketi ni laini kuliko vifuniko viwili inavyovitenganisha, na wosha ya shaba hubonyea ili nyuzi za chuma zisiumie. Fundi mzuri huamua mapema kipi kitakachotolewa sadaka. Asiyelijua hilo huweka silikoni nyingi na kukaza bolti mpaka alumini inapasuka.

Umbali wa dakika chache kwa gari, huko Chantilly, kuna tawi la makumbusho ya anga ya Smithsonian, Udvar-Hazy, lililofunguliwa Desemba 2003. Lina hanga la ukarabati ambalo wageni hulitazama kutoka juu kupitia vioo. Ndege ya kivita B-26 iitwayo Flak-Bait, iliyopigana Ulaya na kurudi salama zaidi ya safari 200, imekuwa ikihudumiwa humo. Wataalamu wale hawakuipaka rangi mpya. Wanasafisha, wanazuia kutu, na viraka vilivyobandikwa vitani wanaviacha. Mzee amesimama mbele ya vioo hivyo mara nyingi, na pamoja naye tulimpeleka kijana mmoja aliyemletea CB350 ya mwaka 1971.

Kijana alitaka tangi lipakwe jekundu linalong'aa na kila kilichopakwa kromu kipakwe upya. Anaweza: hakuna anayemlazimisha kuacha mikwaruzo. "Babu," alisema, "lakini si ni yangu?" "Ni yako, mwanangu. Kwa sasa." Wakabishana jioni nzima. Tangi lilisafishwa kutu ndani kwa asidi ya limau, likabaki na rangi yake ya 1971 nje, na mkwaruzo wa upande wa kushoto haukuguswa. Bomba za moshi zilibadilishwa, zote mbili, kwa kuwa kutu ilikuwa imezitoboa kutoka ndani na hapakuwa na chuma cha kuokoa.