Seth Green, Fundi wa Mayai ya Samaki

Mvuvi husifiwa kwa alichokitoa majini. Seth Green, mzaliwa wa jimbo la New York, Marekani, mwaka 1817, anakumbukwa kwa alichokirudisha. Alikuwa mvuvi na muuza samaki mjini Rochester, aliyezijua nyavu na bei za sokoni. Mwaka 1864 alinunua sehemu ya kijito huko Caledonia, akaanza kuzalisha samaki aina ya trauti.

Ufundi wenyewe ulikuwa mikononi. Samaki jike aliyeiva mayai hushikwa taratibu, tumbo likakamuliwa kuelekea mkiani, mayai yakachuruzika kwenye beseni. Mazoea yalikuwa kuyapokea ndani ya maji tele, na mengi yalioza. Green akawa anapunguza maji, jaribio baada ya jaribio, hadi akaupata utaratibu: mayai kwanza, manii ya dume juu yake, maji mwisho. Manii yakishaingia majini huishiwa nguvu upesi mno, nalo yai hunywa maji likaziba kitundu chake. Anayewahisha maji hujiharibia kazi.

Mwaka 1867 alikwenda Holyoke, kwenye mto Connecticut, kutotolesha shadi, samaki wa baharini anayepanda mtoni kuzaa. Wavuvi walimcheka. Masanduku yake ya mwanzo yaliua mayai, kwa kuwa maji hayakuzunguka ndani. Akatengeneza lenye wavu wa waya chini, akalifunga maboya kwa mshazari ili lielee limeinama. Mkondo ukawa unayageuza mayai usiku na mchana. Vifaranga wakatoka kwa wingi. Mwaka 1868 jimbo lake lilimteua kamishna wa uvuvi.

Mwaka 1871 alisafirisha vifaranga wa shadi kwa treni, ndani ya madebe ya maziwa, akibadilisha maji njiani, hadi mto Sacramento, California. Takriban 10,000 walifika hai, wakastawi na kuenea pwani ya Pasifiki. Hapo sifa ninazompa zinapungua. Kuhamisha samaki ni bahati nasibu: sisi tunaolijua Ziwa Victoria tumeona sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950, akineemesha viwanda huku aina nyingi za furu zikitoweka.

Green alifariki mwaka 1888, na Caledonia bado wanazalisha trauti. Tumuige katika subira ya beseni na sanduku, tusimuige katika safari ya treni. Samaki wa kwanza wa kuzalishwa katika ziwa lolote ni yule aliyekutwa humo.