Kisu cha Ibrahimu na Maji ya Ngarambe

Kila Idd ya kuchinja ikifika huku kwetu Kibiti, kisa ni kilekile. Nabii Ibrahimu aliota anamchinja mwanawe, akatii, na Mungu akamkomboa mtoto kwa mnyama. Watoto tulikuwa tunasikiliza huku jicho moja liko kwenye sufuria ya pilau. Makala haya yanakusudia kukisoma kisa hicho kama tunavyosoma matini nyingine darasani, yaani kwa kuuliza: nani anasema, nani ananyamaza, na nani analipa?

Tuanze na fani. Katika Mwanzo, sura ya 22, Isaka anauliza kondoo yuko wapi. Babaye anamjibu kwa fumbo kwamba Mungu atatoa, basi. Katika Qurani, sura ya 37, baba anamweleza mtoto ndoto yenyewe, tena anamuuliza ana maoni gani. Mtoto, ambaye pale hatajwi jina, anakubali kwa kinywa chake. Wengi hupita haraka juu ya swali hilo la baba. Mimi naona ndilo kiini cha kisa, kwani dayalojia hiyo fupi inamgeuza mtoto: alikuwa kitu cha kutolewa, sasa ni mtu anayejitoa.

Hebu tuilete hoja nyumbani. Ngarambe, Rufiji, ndiko Kinjikitile Ngwale alikogawa maji. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Majimaji vikiwa bado vichanga. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile (1969), hakuifuata historia hiyo. Anamwacha mhusika wake aishi mpaka aone watu wameanguka kwa risasi. Kwa nini? Kwa sababu aliyenyongwa mapema hapati mtihani wa kuhesabu maiti. Akiwa kifungoni anatakiwa ayakane maji, naye anakataa pamoja na shaka zake, maana akikana, vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba kupigania haki yao kulikuwa kosa.

Je, Kinjeketile ndiye Ibrahimu wetu? Mtu atasema ndiyo, kwani hata wapiganaji walikubali kwa hiari. Ni kweli walikubali, lakini walikubali wakiamini risasi zitageuka maji. Yule mtoto alijua kisu ni kisu. Hiyari ya aliyeambiwa ukweli si sawa na hiyari ya aliyepewa ahadi. Tena Ibrahimu alizuiwa mkono. Huku kwetu hakuna kondoo aliyeletwa. Makadirio ya waliokufa katika vita hivyo, wengi wao kwa njaa, huanzia 75,000 hadi 300,000.

Pengine utasema, ndugu msomaji, haya ni mambo ya darasani tu. Hapana. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipozamisha nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti, mzee mmoja aliwaambia jirani zetu wavumilie, eti ni mtihani kama wa Ibrahimu. Mama mmoja, shamba lake la mpunga limekwenda lote, akamjibu kwa adabu:

"Yule mtoto aliulizwa, mzee wangu. Sisi nani katuuliza?"

Mzee akanyamaza. Nakiri kwamba hoja ya makala haya nimeiokota pale.

Simlaumu mzee, alitaka kufariji. Lakini fasiri yake inamweka aliyezama mahali pa mtoto, halafu inamfunga mdomo ambao Qurani ilimfungulia. Kisa chenyewe kinamjaribu mwenye kisu, na kinaisha kwa kisu kuzuiwa. Sura ya 22 ya Qurani nayo inaeleza kwamba nyama na damu havimfikii Mungu. Kinachomfikia ni uchamungu. Kwa hiyo anayetumia kisa hiki kuwataka wengine wavumilie hasara ambayo yeye haimgusi, amekisoma kinyumenyume.

Mwenye fasiri nyingine aje nayo, tubishane.