Ukwapi na Utao wa Picha: Kamera ya Nusu Fremu Mlali

Wapo wasemao kwamba kamera ya nusu fremu ni kamera ya bahili. Hoja yao ina chanzo. Olympus Pen, iliyobuniwa na Yoshihisa Maitani na kutolewa Japani mwaka 1959, huligawa eneo la kawaida la picha, milimita 24 kwa 36, yakawa mawili ya 18 kwa 24. Filamu ya picha 36 ikatoa 72. Lakini kuishia hapo ni sawa na kudai kuwa mtunzi wa tarbia huukata mshororo wa mizani 16 katikati ili abane karatasi.

Sisi wa mwambao twaijua kazi ya mkato ule. Ukwapi hutanguliza, utao hujibu. Vivyo hivyo, nusu fremu mbili zilizolala ubavu kwa ubavu zaweza kuchapwa pamoja, na hapo ya pili huwa na deni kwa ya kwanza.

Tuichukue kamera hiyo hadi Mlali, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Nyanda za kati zimezoea kupigwa picha moja: mbuyu mtupu, ardhi kavu, mtu mdogo kwa mbali. Jicho hilo lina historia. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, uliitazama ardhi hiyo kama pori la kufyekwa. Picha ya mbuyu mtupu si uongo. Ni ukwapi usio na utao. Fremu ya pili ioneshe mikono ikichambua majani ya mbuyu huohuo kwa mboga, na mti ule hautakuwa tena alama ya ukame tu.

Ipi basi ichaguliwe? Pen EE ya mwaka 1961 hupima mwanga kwa seli ya seleni, bila betri. Ijaribu kabla ya kununua: juani ifyatuke, ukiiziba kwa kiganja ikatae, na ulimi mwekundu utokeze kwenye kitundu cha kutazamia. Isipotimiza yote mawili, iache, kwani seli hizo huchoka kwa umri. Tazama pia ukungu ndani ya lenzi, adui tumjuaye sana visiwani. Mlali adui ni vumbi. Kwa safari hiyo mimi naipendelea Pen ya kwanza, isiyopima chochote: mpiga picha hukadiria mwanga mwenyewe, na jua la kiangazi la bara hujifunzika upesi.

Kasoro zake tuzitaje. Chembe hujitokeza picha ikikuzwa, na fremu yake husimama wima: humfaa mtu na mti, huukata upeo wa uwanda. Hata mizani hufunga. Aliye na picha 72 anaweza kupiga ovyo mara 72. Ni mwenye kuisubiri fremu ya pili tu ndiye aliyeitendea haki kamera hii, na Mlali pia.