Tadbiri ya Safari

Katika elimu walizoturithisha wazee wetu wa pwani, iko moja ambayo haikuandikiwa kitabu wala haikupewa mwalimu wa kuisomesha, nayo ni elimu ya kuitadbiri safari kabla mtu hajavuka kizingiti cha nyumba yake. Na apendaye kuona masalio yake, basi na aende Lamu, akasimame gatini asubuhi, amtazame nahodha mzee wa mashua ya abiria iendayo Pate.

Kwanza huzitazama nguzo za gati, aone unyevu umekomea wapi, kisha huhesabu siku za mwezi kwa pingili za vidole. Maana njia ya Pate hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari baina ya kisiwa cha Manda na bara, uliosongwa na mikoko huku na huku, ambao mashua iliyosheheni haiupiti ila maji yamejaa. Siku za bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Kisha kila siku huchelewa kadiri ya dakika 50, hata baada ya juma moja yakawa maji mafu, nayo hujaa karibu na saa nne. Aikoseaye hesabu hii hupwelewa, akakaa juu ya matope na watoto wa watu, akingoja bahari imrudie.

Wazee wa Pate, ambao dola yao ilitamalaki visiwani humo kabla haijavunjwa nguvu katika vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19, walizipanga haja zao kwa hesabu hiyo hiyo. Haja ya kwenda Lamu na kurudi siku moja waliiweka katika bamvua, wakaondoka na maji ya alfajiri na kurejea na maji ya jioni. Na maji mafu wakayaachia safari za kulala kwa jamaa.

Namkumbuka bi mkubwa mmoja wa huko, ambaye mkesha wa safari alikuwa akiketi ukumbini na leso yake, akifunga pembeni mwake fundo la fedha kwa kila haja: hili la deni la dukani, hili la dawa, hili la kitambaa cha arusi, na hili dogo la jirani, kwani hakupata kuondoka asibishe hodi nyumba ya pili na ya tatu kuuliza, “Wenzangu, mna haja gani Lamu?” Na alipofika mjini hakwenda kwa kubahatisha. Alianza hospitali, kabla watu hawajawa wengi. Kisha akenda kutoa taazia, wakati wenye msiba wamekwisha kunywa chai. Ndipo akaingia madukani, na unga, kwa kuwa ni mzito, akaununua mwisho, ukapakiwa juu ya punda hadi gatini. Alipopanda mashuani, mafundo yote yalikuwa yamefunguliwa, na mjukuu aliyefuatana naye alikuwa amesoma bila ya kusomeshwa.

Leo ziko boti nyepesi za mashine zisizojali sana maji, na iko simu, na ingedhaniwa ya kuwa tumepata wasaa ambao wazee hawakuupata. Ilhali mambo ni kinyume. Mtu huvuka kwa ajili ya betri ya tochi, akarudi, akakumbuka dawa ya mama, akavuka tena, na jirani yake asipate habari hata ya safari moja. Na Mombasa, pasipokuwa na Mkanda wa kumngojesha mtu, gari huwashwa kwa mkate, na baada ya saa moja likawashwa kwa sukari iliyokuwa duka lile lile, kisha mwenye gari akalalamika kuwa mafuta ni ghali na siku haimtoshi.

Bahari iliwalazimisha wazee wetu kufikiri kabla ya kutoka. Sisi hakuna atulazimishaye, na kwa hiyo tumeacha. Mpanda ovyo hula ovyo. Basi, ewe msomaji, usiku wa leo keti na watu wa nyumbani mwako, mzitaje haja za kesho moja moja, mjue ipi itangulie na ipi ifuate, na kabla ya kuondoka mbishieni hodi jirani.