Rimu za Uwanjani: Hesabu ya Toyota 86 Kabla Hujalipa

Toyota 86 ilipoingia sokoni mwaka 2012 ilikuja na rimu za inchi 17 zenye upana wa inchi 7, ofseti ya milimita 48, na matairi ya Michelin Primacy HP ya 215/45. Aina hiyo hiyo ya tairi ilifungwa kwenye baadhi ya Prius. Si kwamba wahandisi walibana matumizi. Walitaka gari hili jepesi, la kilo 1,240 hivi, litikise mkia mapema na kwa upole hata kwa mwendo wa kawaida. Barabarani raha hiyo haina mfano. Mwenye gari akishalipia nafasi pale Tsukuba, mkoani Ibaraki, Japani, kwenye mzunguko wa mita 2,045 ambapo watu wa kawaida hukimbiza magari yao wenyewe bila kugombea kombe, mizunguko michache tu inatosha: bega la nje la tairi la mbele limepata moto, gari linakataa kuingia kona, na jioni hiyo hiyo mtu anaanza kutafuta rimu.

Wengi hapo huanza kwa kuangalia rangi na umbo la spoku. Mimi nasema tuanze na tairi, kwa sababu kinachoshika lami ni tairi, na kazi ya kwanza ya rimu ni kulisimamisha wima linapobanwa na kona. Kila saizi ya tairi ina upana wa rimu unaokubalika. Tairi la 225/45 la inchi 17 linakubali rimu ya inchi 7 hadi 8.5. La 245/40 linataka 8 hadi 9.5. Ukilibana la 245 kwenye rimu ya inchi 8 litakaa, lakini kuta zake zitakuwa zimevutwa ndani. Ukipiga kona kwa nguvu tairi linajikunja, na bega la nje linalika kabla ya katikati. Liweke kwenye rimu ya inchi 9, kuta zinasimama sawa na usukani unajibu upesi.

Kimo nacho kina hesabu yake. Tairi la kiwandani lina kipenyo cha milimita 625 hivi, na la 245/40 lina 628. Tofauti ya milimita 3 haigusi gia wala kipima mwendo. Ukihamia inchi 18 na tairi la 225/40 unafika 637: gia zinakuwa ndefu kidogo, rimu mara nyingi inaongezeka uzito, na bei ya matairi inapanda. Kwa gari lenye injini ya lita 2 isiyo na turbo, sioni faida ya inchi 18 uwanjani zaidi ya picha.

Sasa tuje kwenye ofseti, mahali ambapo fedha nyingi hupotea. Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu. Namba ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani. Ikiwa ndogo, linatoka nje. Chukua rimu ya 86 iliyotoka nayo kiwandani: inchi 7 ni milimita 178, nusu yake 89. Jumlisha ofseti 48, ukingo wa ndani uko milimita 137 kutoka habu. Toa 48 kwenye 89, ukingo wa nje uko 41. Rimu ya inchi 9 yenye ofseti 45 ina nusu ya upana ya 114. Ndani inafika 159, nje 69. Maana yake ni kwamba rimu mpya imesogea milimita 22 kuelekea shokapu na milimita 28 kuelekea fenda, na hapo unene wa tairi lenyewe hujauhesabu.

Namba hizo mbili ndizo za kwenda nazo kwenye gari. Liinue, ingiza rula kati ya tairi la zamani na shokapu ya mbele, kisha upime nafasi iliyobaki. Geuza usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, upime tena. Kwa 86 iliyoshushwa kwa springi fupi, sehemu ya shokapu inayobeba springi inaweza kuwa ndiyo inayogusa kwanza. Upande wa nje, dawa haianzii kwenye kukunja ukingo wa fenda. Inaanzia kwenye kulaza vichwa vya magurudumu ya mbele kwa ndani, digrii 2.5 hadi 3, kwa boliti za kurekebishia au bamba za juu ya shokapu. Mlalo huo unaondoa tairi kwenye fenda, na uwanjani unahitajika kwa vyovyote vile, maana bila huo bega la nje litaendelea kulika hata kwenye rimu ya dhahabu.

Anayechagua rimu ya inchi 9 yenye ofseti 35 kwa sababu inajaza fenda vizuri anasogeza ukingo wa nje milimita 38. Usukani unaanza kuvutwa na kila mkwaruzo wa lami, na beringi zinabeba mzigo ambao hazikupangiwa.

Uzito ndio unaopigiwa debe kuliko yote. Rimu ya kiwandani ya 86 ina karibu kilo 9 na nusu. Enkei RPF1 ya inchi 17 kwa 9 ina kilo 7 na robo hivi. Kwa magurudumu manne umeokoa kilo 9. Kwa kuwa gurudumu huzunguka huku likisonga mbele, kilo moja kwenye rimu huhesabika kuwa zaidi ya kilo moja mwilini mwa gari, lakini haifiki mbili. Kwa hiyo katika kuongeza mwendo hujafikia hata kilo 18, ambazo ungezipata kwa kutoa tairi la akiba na jeki. Na tairi pana la 245 lina uzito wake, linaweza kula sehemu ya ulichookoa. Faida halisi ya wepesi iko kwenye vishindo: gurudumu jepesi linarudi chini upesi baada ya kukanyaga ukingo wa kona. Faida hiyo ipo, ila mbele ya ile ya tairi pana lililokaa sawasawa ni ndogo.

Jinsi rimu ilivyotengenezwa ina uzito zaidi kuliko kilo zenyewe. Zipo za kusubu, ambapo aloi ya alumini humiminwa kwenye kalibu na kuachwa igande. Zipo za kusubu ambazo pipa lake hukandamizwa kwa rola likiwa la moto, likawa jembamba na gumu. RPF1 ni ya kundi hilo. Na zipo za kufua kwa mashine za mgandamizo mkubwa, kama TE37 ya kampuni ya Rays iliyotoka mwaka 1996. Ya kufua ikigonga vibaya mara nyingi hupinda. Ya kusubu iliyo hafifu hupasuka, na ufa mara nyingi huanzia kwenye mizizi ya spoku au kando ya matundu ya nati, mahali ambapo vumbi la breki huuficha. Zioshe kabla ya kila siku ya uwanjani na uzikague kwa tochi, pande zote mbili.

Nyuma ya spoku tafuta alama. JWL ni kauli ya mtengenezaji mwenyewe kwamba rimu imetimiza kiwango cha Japani. VIA inaonyesha kwamba imepimwa na kusajiliwa na chombo kingine. Kwa wasomaji wanaonunua rimu za mtumba Ilala, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, hapo ndipo pa kutulia. Umbo la TE37 limeigwa kila kona ya dunia, na alama ya JWL pekee ni rahisi kuisubu kwenye nakala. Angalia pia mzigo ulioandikwa kwa kilo: uzidi nusu ya uzito unaobebwa na ekseli ya mbele, kwa nafasi ya kutosha, kwani ukikanyaga breki uzito mwingi unakimbilia huko.

Breki zenyewe hazijali kipenyo peke yake. Rimu mbili za inchi 17 zinaweza kutofautiana kabisa: moja ikapita juu ya kaliba ya breki, nyingine ikakwama kwa sababu spoku zake zimelala kwa ndani. Watengenezaji wengi wa breki kubwa hutoa mchoro wa kaliba. Uchapishe kwa kipimo kamili, ukate kwenye kadibodi, uzungushe ndani ya rimu kabla hujalipa.

Zimebaki habu na nati. 86 ina matundu matano kwenye duara la milimita 100, na habu ya milimita 56.1. Rimu nyingi za sokoni zina tundu la milimita 73, hivyo pete ya kujazia inahitajika ili rimu ikae katikati wakati wa kufunga. Chukua ya alumini, kwa sababu ya plastiki inaweza kuyeyuka breki zinapochemka. Mzigo wenyewe unabebwa na nati, na nati za mkoni wa digrii 60 haziingiliani na zile za mviringo za Honda.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa 86 ambayo bado inakupeleka kazini Jumatatu na mlalo wake wa mbele haujaguswa, nunua inchi 17 kwa 8, ofseti 45, na matairi ya 225/45, saizi moja pande zote nne ili uweze kuyabadilishana. Inchi 9 na 245 zisubiri mpaka mlalo urekebishwe. Na siku ya kununua rimu nunua pia nati mpya 20 za uzi wa M12x1.25 na spana ya torki: ni nyutoni-mita 120, kisha zikaguliwe tena baada ya zamu ya kwanza uwanjani, rimu zikishapoa.