Swali Kwanza, Nadharia Baadaye

Mwanafunzi mmoja ameniletea pendekezo la utafiti kuhusu jina la mtaa wa Shika Adabu, Likoni. Kurasa kumi za nadharia. Mzee hata mmoja hajaulizwa! Jamani, huo ni utafiti au mapambo?

Lawama ni yetu wahadhiri. Twamfundisha kutaja nadharia kabla hajajua kuuliza.

Tutazame papa hapa Mombasa. Muyaka bin Haji alifariki mwaka wa 1840. Mwalimu Sikujua aliyakusanya mashairi yake kutoka kwa watu waliokuwa wakiyakumbuka, akamfafanulia W. E. Taylor. Hichens aliyachapisha mwaka wa 1940. Bila Sikujua, Profesa Abdulaziz angechambua nini katika kitabu chake cha 1979?

Misingi basi ni mitatu: swali moja lililo wazi; chanzo kinachotajwa, yaani nani kasema, wapi na lini; kisha kulinganisha masimulizi kabla ya kuhitimisha.

Shika Adabu ni amri. Nani alimwamrisha nani, na kwa nini? Hilo ndilo swali. Nadharia ije baadaye, isaidie kulijibu. Tukichelewa, wazee watazikwa na majibu yao.