Rutuba na Unyevu: Asili na Maana

Ni desturi ya baadhi ya walimu na watungaji wa kamusi kulieleza neno unyevu kwa neno rutuba, na rutuba kwa unyevu, kana kwamba maneno hayo ni pacha. Maelezo hayo yana ukweli wa kihistoria. Yakichukuliwa kuwa maelezo ya Kiswahili cha leo, yanapotosha.

Unyevu ni neno la Kibantu. Shina lake ni kitenzi -nya, kilichomo katika "mvua inakunya" na katika nyesha. Kitenzi hicho hubeba pia maana ya kwenda haja, lakini -nyevu imefuata tawi la mvua. Kama vile legea huzaa -legevu, na potea -potevu, ndivyo nyea inavyozaa -nyevu. Kiambishi u- kikaunda jina la hali.

Rutuba limetoka katika Kiarabu, ambamo maana yake ni umajimaji wa hewa au wa kitu, wala si uwezo wa ardhi kustawisha mimea. Madan (1903) alilitafsiri kwa maana hiyo ya umajimaji. Katika utabibu wa Kiyunani ulioendelezwa na Waarabu, rutuba ilikuwa mojawapo ya tabia nne, pamoja na joto, baridi na ukavu. Masalio ya istilahi hizo yamo katika jina la ugonjwa wa baridi yabisi, kwani yabisi ni "kavu".

Kwa hiyo rutuba ya shamba ni maana iliyozaliwa katika Kiswahili chenyewe. Njia yake yaeleweka: mkulima anayetegemea mvua huupima udongo kwanza kwa umaji wake. Sababu ikalipa tokeo jina lake. Leo mbolea kavu hurutubisha shamba pasipo kulilowesha.

Wanaodai kwamba maana hii ni potofu kwa kuwa Kiarabu hakinayo wanasahau kwamba neno la mkopo hutawaliwa na wenyeji wake wapya. Ukuta wa nyumba ya Mombasa waweza kuwa na unyevu mwaka mzima. Hakuna anayeusifu kwa rutuba. Kamusi na itangulize maana ya ustawi, na ile ya umajimaji iandikwe kuwa ya kale. Walimu wa jiografia, kwa kuchagua istilahi unyevuanga, wamekwisha kuitambua tofauti hiyo.